Mwenye ulemavu apige kura yake mwenyewe: mambo ya kupanga mapema kabla ya Agosti 2027

Nianze na nilichokiona mwenyewe. Uchaguzi wa 2022 nilikuwa karani kwenye kituo kimoja hapa Kilifi, pwani ya Kenya, shule ya msingi yenye ghorofa, na mida ya saa tatu asubuhi akaletwa mzee mmoja kwa kiti cha magurudumu, sasa jina lake lilikuwa limeangukia chumba cha juu, basi vijana wanne wakambeba na kiti chake ngazi kwa ngazi huku laini nzima inatazama. Kura alipiga. Lakini akishushwa aliniambia, "Mwanangu, mwaka mwengine msinitarajie." Na pale chini kulikuwa na darasa tupu limefungwa kufuli, manake hakuna mtu aliyemfikiria yule mzee kabla ya asubuhi ile.

Ndo maana naandika haya mapema. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, na karibu kila kitu kinachomfanya mwenye ulemavu arudi nyumbani bila kupiga kura, ama apigiwe na mtu mwengine, kinarekebishika ukianza miezi kadhaa kabla. Ukingoja siku yenyewe msimamizi wa kituo ana wapiga kura wake hadi mia saba, ana maajenti wanamzonga, ana mashine inazima, hata akiwa na roho nzuri hana nafasi ya kuhamisha chumba.

Pia ujue hapa huombi hisani. Ibara ya 82 ya katiba inasema upigaji kura lazima uzingatie mahitaji ya watu wenye ulemavu, na ibara ya 54 inataja kufika mahali popote, lugha ya ishara na breli. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya karibu laki tisa wenye ulemavu kuanzia umri wa miaka mitano, yaani 2.2 kwa mia. Ukienda ofisini taja hizo ibara kwa nambari, mimi nimeona watu wanavyobadilika wakisikia unaijua sheria.

Kwanza kipande (kitambulisho), halafu kituo

Wengi huanguka hapa, kabla hata ya kuona karatasi ya kura. Kuna nyumba nazijua, mtu ana miaka thelathini na hana kitambulisho kwa sababu tangu utotoni alikaa ndani na hakuna aliyeona haja ya kumpeleka kwa chifu. Bila kipande ama paspoti hakuna kujiandikisha, na kipande kinachukua muda, kwa hivyo kama nyumbani kwenu kuna mtu kama huyo hilo ndo jambo la wiki hii, mengine yatafuata.

Akishapata kipande aende ofisi ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ya eneo bunge lake ajiandikishe. Ukifika mwambie karani huyu ana ulemavu gani na uombe aandike. Ikiwa mtu hana vidole, ama alama zimefutika kwa kazi za mikono (wavuvi na wavunja mawe wanalijua hili) msikubali kurudishwa. Mashine ya KIEMS, ile ya kutambua wapiga kura, inaweza kumtafuta mtu kwa nambari ya kitambulisho, vidole sio njia pekee.

Sasa hapa kuna kitu watu hawakifikirii. Kituo unakichagua wewe unapojiandikisha, na kilicho karibu sio lazima kiwe ndo kinachofaa. Kama shule ya karibu iko juu ya kilima na ina ghorofa, na ile nyengine ni mwendo wa tuktuk dakika kumi lakini ni tambarare na vyumba vyote viko chini, mimi ningechagua ile ya mbali bila kufikiria mara mbili. Aliyejiandikisha zamani anaweza kuomba kuhamishwa, ila daftari hufungwa kabla ya uchaguzi na kila mara watu hukimbilia siku za mwisho, ukienda mapema unahudumiwa kwa utulivu. Na baadaye uhakikishe jina lipo. 2022 ulikuwa unatuma nambari ya kitambulisho, alama ya reli (#) na mwaka wa kuzaliwa kwenda 70000, angalia watakachotangaza safari hii.

Nendeni mkakitazame kituo

Hii ndo sehemu ninayoipenda kwa sababu kila mtu anaweza kuifanya na haina gharama. Chagua siku ya wikendi, muombe mwalimu mkuu ruhusa, nendeni na mwenye ulemavu mwenyewe, sio kwa niaba yake. Bebeni futi ya fundi na simu ya kupiga picha. Tembeeni njia nzima kutoka barabarani mpaka darasani kama vile ni siku ya kura.

Anza na geti. Siku ya uchaguzi mara nyingi geti kubwa hufungwa na watu wanapitia kile kimlango cha pembeni chenye kizingiti cha chuma, kiti cha magurudumu hakivuki pale, halafu magari yanazuiwa nje kwa usalama kwa hivyo mtu anashushwa mbali. Mkiliona hilo mapema mnaweza kuongea na askari na msimamizi ili tuktuk iliyobeba mgonjwa ama mlemavu iruhusiwe kuingia mpaka mlangoni.

Halafu ardhi. Huku pwani viwanja vyetu vingi ni mchanga, na magurudumu membamba yanazama, mtu anasukumwa mpaka anachoka yeye na anayemsukuma. Dawa yake ni vipande vya plaiwudi ama mbao pana, unatandika viwili, kiti kikipita unahamisha cha nyuma unaweka mbele. Vijana wawili wanatosha. Tulijaribu hivi kwenye harusi moja mtaani na ilifanya kazi vizuri sana.

Kisha ngazi ya mlangoni, na hapa naomba usome polepole manake watu hutengeneza rampu ambazo ni hatari kuliko ngazi yenyewe. Kipimo ni hiki: kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka rampu ya sentimita 180. Ngazi mbili za hivo, yaani sentimita 30, zinataka mita 3 na sentimita 60. Ubao mfupi ulioegemezwa kwenye ngazi unamrudisha mtu kinyumenyume na anaanguka na kisogo. Fundi wa mbao wa mtaani anatengeneza rampu ya ngazi moja kwa siku moja, mwambie aipigilie vijiti vya pembeni ili gurudumu lisitoke, na juu apake gundi anyunyize mchanga isiteleze. Msikiti ama kanisa linaweza kununua mbao, na baadaye rampu ibaki shuleni, watoto wataitumia.

Mlango upime upana. Kiti cha kawaida kina kama sentimita 65 hivi na mikono ya anayejisukuma inataka nafasi, kwa hivyo chini ya sentimita 80 ni shida. Mara nyingi mlango wa darasa una mbao mbili na moja imefungwa kwa komeo, ukiifungua tatizo limeisha, lakini lazima mtu aandike mahali kwamba ile mbao ifunguliwe.

Mkimaliza andikeni barua. Sio simu, sio kumwambia mtu anayemjua mtu, barua, mbili, moja mnaiacha ofisini na nyengine igongwe muhuri mrudi nayo. Si lazima iwe na maneno makubwa:

"Kwa Msimamizi wa Uchaguzi, eneo bunge letu. Sisi wakazi wa kijiji hiki tulitembelea kituo chetu cha kura tarehe fulani. Tuna wapiga kura wenye ulemavu wafuatao: wawili wanatumia viti vya magurudumu, mmoja haoni, mmoja ni kiziwi. Tunaomba vyumba vyote vya kura viwe vya chini, geti kubwa lifunguliwe, meza moja ya kupigia kura iwe fupi, na jalada la kura la wasioona liwepo. Picha na vipimo tumeambatanisha. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Idadi na vipimo ndo vinaifanya barua isomwe. Majina ya watu msiyaweke, idadi inatosha.

Nani anaingia naye kibandani

Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndo panaponiuma. Mjomba wangu haoni tangu utotoni. 2017 alienda kupiga kura na mtoto wa jirani ambaye hakuwa amefika miaka kumi na minane, wakakataliwa, na kwa sababu hakuwa na mtu mwengine ikabidi msimamizi wa kituo amsaidie, na sheria inasema msimamizi akisaidia ni mbele ya maajenti. Kwa hivyo mjomba alisimama pale akataja mtu wake mmoja mmoja, kura sita, maajenti wa kila chama wanasikia. Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Kuna jirani hakumsalimia mwezi mzima.

Wote walifuata sheria siku ile na bado siri yake ilitoka. Kwa hivyo shika haya. Mpiga kura asiyeweza kuweka alama mwenyewe ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua yeye. Mtu huyo awe ametimiza miaka 18, asiwe mgombea wala ajenti wa mgombea, na kabla ya kuingia anatia sahihi fomu ya kuapa kutunza siri. Na mtu mmoja anasaidia mpiga kura mmoja tu kwenye uchaguzi huo. Hii ya mwisho wengi hawaijui, unakuta nyumba ina bibi na babu wote hawaoni na binti mmoja amejipanga kuwasaidia wote wawili, wa kwanza anapita, wa pili anaishia mikononi mwa msimamizi na maajenti. Wakiwa wawili tafuteni wasaidizi wawili.

Na muulize mapema, mkiwa wawili tu, anataka nani. Usimuulize mbele ya familia nzima. Inawezekana atamtaja mke wa rafiki yake ama mwalimu wa madrasa na sio wewe mwanawe, na usiudhike, huenda anajua wewe unampenda mgombea gani na hataki maneno. Msaidizi kazi yake ni mkono na macho, basi. Akiambiwa wa tatu anaweka wa tatu, hamuulizi "una hakika?", hacheki, haguni. Mimi nimesikia kwa masikio yangu msaidizi anasema "ah huyu hawezi kushinda mama, tuweke yule", na mama kanyamaza. Ile kura haikuwa ya mama tena.

Kwa asiyeona na anayetaka kupiga mwenyewe

Kuna jalada linalotumika kwa wasioona, karatasi ya kura inatiwa ndani na kuna matundu yanayolingana na vile visanduku vya kuweka alama, pembeni kuna breli. Uzuri wake ni kwamba hata asiyejua breli, kama wazee walioishiwa na macho ukubwani, anaweza kuhesabu matundu kwa kidole kutoka juu. Uliza ofisini mapema kama litakuwepo kituoni kwenu na ni kwa karatasi ngapi kati ya zile sita, manake jibu linabadilisha mazoezi yenu.

Tatizo ni kwamba jalada halisemi nani yuko wapi, mpangilio lazima uwe kichwani. Urais peke yake ulikuwa na wagombea wanane 2017 na wanne 2022, halafu ongeza gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA (mwakilishi wa wadi) ambaye saa nyengine ana orodha ndefu kuliko wote. Tulichofanya na mjomba ni hivi. Tulichukua katoni, tukaikunja kama faili, tukatoboa madirisha madogo upande wa kulia yakiachana kama sentimita tatu, tukatia karatasi nyeupe ndani. Namwambia "weka alama dirisha la nne", anahesabu, anaweka, natoa karatasi natazama imekaa wapi. Siku ya kwanza alama zilikuwa zinatoka nje ya kisanduku, wiki ya pili hakosei hata moja.

Na kwa kukumbuka, ageuze machaguo yake sita yawe kama nambari ya simu. Urais wa pili, gavana wa kwanza, seneta wa tatu na kuendelea, inakuwa tarakimu sita anazijua yeye peke yake, na asizitaje kwa mtu, hata mazoezi fanyeni kwa nambari za uongo. Orodha rasmi za wagombea zikitoka msomee zote, kila jina na nafasi yake, kwa sauti ile ile moja.

Karatasi ni za rangi tofauti na vifuniko vya madebe vina rangi hizo hizo, lakini rangi haimsaidii asiyeona. Akishakunja karatasi yake amwombe karani amuelekeze mkono kwenye debe la hiyo kura. Ikishakunjwa karani haoni ndani.

Viziwi, na wengine tunaowasahau

Kiziwi hahitaji mtu kibandani, anaona na anasoma mwenyewe, na bado nimeona watu wanamshika mkono wanaingia naye. Anachokosa ni maneno ya nje: karani anaita, askari anasema laini hii imehamia chumba kile, yeye amesimama tu. Kama wewe ni karani mtazame usoni unapoongea, usifunike mdomo, na tengeneza kadi nne za karatasi kubwa kwa kalamu nene: LETE KITAMBULISHO, WEKA KIDOLE HAPA, KARATASI NI SITA, RANGI YA KURA NA YA DEBE ZIFANANE. Kadi hizo zitasaidia pia wazee wasiosikia vizuri. Mkalimani wa lugha ya ishara ya Kenya akipatikana kwa mikutano ya elimu ya kura kabla ya siku yenyewe itakuwa bora zaidi, kwani kiziwi wa kijijini saa nyengine anajua ishara za nyumbani tu na anahitaji muda, kuonyeshwa karatasi ya mfano, sio kuelezwa kwa haraka mlangoni.

Mwenye ualbino asisimamishwe juani, apitishwe mbele, na aje na kioo cha kukuza maandishi kama anakitumia. Mtu mfupi sana hafikii meza wala tundu la debe, kwa hivyo kibanda kimoja kiwekwe juu ya dawati la watoto wa darasa la kwanza na debe lishushwe chini, hiyo pia inamfaa wa kiti cha magurudumu ambaye magoti yake yanataka kuingia chini ya meza.

Na mwenye ugonjwa wa akili ama ulemavu wa akili: katiba inamzuia tu yule aliyetangazwa rasmi kuwa hana akili timamu. Sio yule ambaye karani anamuona anaongea peke yake, wala ambaye jirani anasema "huyo si unamjua". Jina likiwa kwenye daftari na kipande anacho, anapiga kura. Mueleze polepole, mara mbili ikibidi, bila kumtajia mgombea.

Siku yenyewe

Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, aliye kwenye laini wakati huo bado atapiga. Wenye ulemavu, wazee, wajawazito na wanaonyonyesha hupitishwa mbele, ukiona hakuna anayewaita nenda mbele useme, usingoje kuonewa huruma. Mimi ningeenda saa tatu hadi saa tano, msongamano wa alfajiri umepungua na jua halijakuwa kali.

Jana yake pigeni pumzi matairi ya kiti, mkubaliane na mtu wa tuktuk kwenda na kurudi na umlipe kidogo mbele, manake siku hiyo wanakodiwa wote. Gari la mgombea msipande, hata likija bure mpaka mlangoni, ndani yake huwa kuna mazungumzo. Bebeni maji, dawa za mchana, na ile nakala ya barua yenye muhuri. Mkifika na kukuta chumba ni cha juu, mpeni msimamizi ile barua kwanza kabla ya mtu yeyote kumshika mwenye kiti. Na kama hakuna njia isipokuwa kubebwa, anayeamua ni yeye, anabebwa vipi na nani, sio vijana walio karibu.

Jioni hiyo hiyo, kabla hamjasahau, andikeni kilichokwama na saa yake, mkipeleke ofisi ya eneo bunge wiki hiyo na muhuri mwengine. Kituo hicho hicho kitatumika tena.

Yule mzee wa ghorofani nilimtembelea mwezi uliopita. Hakusema atakuja wala hatakuja. Aliniuliza kama lile darasa la chini bado lina kufuli, nikamwambia barua ishapelekwa, jibu bado, na Jumatatu narudi ofisini kuulizia.